Mwanajeshi, Likizo Yake na Mlima: Kwa Nini Ninatetea Vyama vya Wapanda Milima Jeshini

Mpwa wangu ni mwanajeshi. Tulipokutana nyumbani Marangu kwenye shughuli ya ukoo, aliniuliza swali mbele ya watu, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana jibu lake: "Mjomba, hivi mtu anayetembezwa na shanta mgongoni kutoka alfajiri mpaka jioni, akipata likizo aende tena kujitesa mlimani kwa hela yake mwenyewe, huyo ana akili timamu kweli?" Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile ninaloweza kulitoa huku sahani za pilau zikipitishwa. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi, na miongoni mwa wageni hao wamekuwapo wanajeshi wa mataifa mbalimbali. Wengine walipanda kwa amri, wengine kwa hiari, na tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo iliyonifanya niamini kwamba chama cha wapanda milima ni kitu chenye manufaa makubwa kwa mtu aliyevaa sare.

Kwanza niseme ninachokizungumzia, kwa sababu mambo haya huchanganywa. Sizungumzii vikosi vya vita vya milimani, kama vile Alpini wa Italia walioundwa mwaka 1872, ambao kupanda milima ndiyo kazi yao ya kijeshi. Wala sizungumzii ile misafara ya maadhimisho ambayo askari hupanda na bendera, hupiga picha kileleni, kisha hushuka na kusahau. Ninazungumzia chama chenye wanachama, ada, viongozi wa kuchaguliwa, stoo ya vifaa na ratiba ya safari za mwaka mzima. Jeshi la nchi kavu la Uingereza linacho chama cha aina hiyo, kinachoitwa Army Mountaineering Association, kilichoanzishwa mwaka 1957. Jeshi la anga na jeshi la majini la nchi hiyo nayo yana vyao. Mtu hujiunga kwa hiari, hulipia uanachama wake, huhudhuria safari za mwisho wa juma katika milima ya Wales au Scotland, hufundishwa kufunga kamba na kusoma theluji na watu waliomtangulia, na baada ya miaka michache yeye ndiye anayefundisha wengine.

Kwa utaratibu huo mdogo mdogo, chama hicho kilifika mbali. Mwaka 1970 kilipeleka msafara Annapurna, mlima wa mita 8,091 huko Nepal, ambao tangu Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal waufikie kileleni mwaka 1950 hakuna mtu mwingine aliyekuwa amefaulu kuupanda. Tarehe 20 Mei 1970 maofisa wawili, Henry Day na Gerry Owens, walisimama juu yake. Wiki moja baadaye raia wenzao wa msafara wa Chris Bonington walifika kilele hicho hicho kwa upande wa kusini ulio mgumu zaidi, na dunia ikawasifu hao wa pili kuliko wa kwanza. Jambo hilo halinisumbui. Kinachonivutia ni kwamba chama kilichokuwa na umri wa miaka 13 tu, kilichojaa watu wenye kazi nyingine za kufanya siku za wiki, kilikuwa tayari kimelea watu wa kuweza kupanda mlima kama huo na kurudi salama.

Sasa nirudi kwenye swali la mpwa wangu kuhusu akili timamu. Maisha ya mwanajeshi hupangwa na mtu mwingine: saa ya kuamka, nguo ya kuvaa, chakula cha kula, hata jina la mtu atakayelala kitanda cha jirani. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu jeshi la watu wanaojipangia halifai kitu. Lakini mtu huyo huyo hutarajiwa, siku mambo yanapoharibika, aamue peke yake haraka na kwa busara, na uwezo huo hauwezi kuzaliwa ndani ya mtu ambaye hajawahi kuachiwa aamue jambo lolote zito. Mlima aliouchagua mwenyewe humpa nafasi hiyo. Hatari yake ni ya kweli, uamuzi ni wake, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa yeye na wenzake waliokaa pamoja juu ya ramani na kukubaliana.

Nguvu ya hiari hiyo ilionekana hapa hapa kwetu Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, yenye Waitaliano waliotekwa Ethiopia. Mwanzoni mwa mwaka 1943 wafungwa watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka. Hawakutoroka ili warudi kwao, kwa sababu walijua kwamba safari hiyo haiwezekani. Walitoroka ili waupande mlima waliokuwa wakiuona kila asubuhi ng'ambo ya seng'enge. Mashoka yao ya barafu yalitengenezwa kutokana na nyundo, vyuma vya kufunga chini ya viatu viliokotwa kwenye vyuma chakavu, na chakula kilikuwa ni kile walichokidunduliza kwenye posho yao. Walishindwa kuupanda Batian, kilele kikuu cha mita 5,199, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana, kilele kingine cha mlima huo, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe na kupokea adhabu ya kufungiwa peke yao. Ukimwambia mtu kisa hicho atatikisa kichwa. Mimi ninakielewa vizuri: watu waliokuwa wamenyang'anywa kila uamuzi walijirudishia uamuzi mmoja, wakakubali kuulipia.

Faida ya pili ndiyo iliyonigusa mimi kazini, nayo ni uhusiano wa cheo na ukweli.

Niliwahi kuongoza kundi la wanajeshi, wa nchi ambayo sitaitaja, waliopanda kwa njia ya Marangu kutekeleza agizo la wakubwa wao. Aliyekuwa na cheo cha juu zaidi ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara, ingawa hakuwahi kupanda mlima wowote mrefu kabla ya hapo, na mwendo wa kundi zima ulifuata mwendo wake. Kutoka kambi ya Mandara, mita 2,720, mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, walitembea kama watu walio kwenye mashindano, na nilipowasihi wapunguze kasi waliniambia kwa upole kwamba wao si watalii. Tulipofika kambi ya Kibo, mita 4,720, afande huyo hakula. Alisema hana njaa. Usiku wa manane tulianza kupanda changarawe, na baada ya kulipita pango la Hans Meyer nilimwona anapanua miguu kila anapokanyaga, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Glavu yake moja ilikuwa inaning'inia kwenye kamba yake na mkono ukiwa wazi kwenye baridi ile, naye hakuwa na habari. Nilimsogelea askari aliyekuwa nyuma yake, nikamuuliza kwa sauti ya chini tangu lini bosi wake anatembea vile. Kijana aliziangalia buti zake mwenyewe, akajibu: "Afande yuko sawa."

Alijua kwamba afande hakuwa sawa. Wote walijua, na baadaye nilikuja kufahamu kwamba walikuwa wamemwona akitapika nyuma ya banda jioni ile. Lakini hakuna aliyekuwa amefundishwa namna ya kumwambia mkubwa wake kwamba ubongo wake umeanza kuvimba, maana hilo ndilo linalotokea mtu anapopanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuizoea hewa nyepesi. Nilimwomba atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, na hakuweza kufikisha tatu. Alikataa kushuka, akaniuliza kama ninajua ninaongea na nani. Nilimshusha hivyo hivyo, tukimshika mimi na kiongozi msaidizi huku na huku, na asubuhi akiwa Horombo alikuwa anakunywa uji na kuomba chumvi. Dawa ya ugonjwa ule ni kushuka, na huponya haraka hata mgonjwa mwenyewe huanza kutilia shaka kama alikuwa mgonjwa kweli.

Kundi jingine lilikuwa la Waingereza, wanajeshi pia, lakini hawa walikuwa wanachama wa chama cha wapanda milima na walikuja kwa njia ya Machame wakiwa likizoni. Mlima wetu hauruhusu mgeni kupanda bila kiongozi aliyesajiliwa, kwa hiyo hata wenye uzoefu huja na sisi. Nilichukua muda kutambua nani ni mkubwa kati yao. Aliyekuwa akipanga mwendo, akiwauliza wenzake kila jioni wamelalaje na wamekunywa maji kiasi gani, na akiandika majibu kwenye kidaftari, alikuwa ni dada mmoja, koplo. Ndani ya kundi lake mlikuwa na kapteni. Tulipofika kambi ya Barafu, kwenye mita 4,673, kapteni alianza kuumwa kichwa na kutapika. Koplo alimkalia pembeni, akamwita kwa jina lake la kwanza, akamwambia kwamba yeye usiku ule hatapanda, na kwamba mwenzake fulani atashuka naye. Kapteni alinyamaza kidogo, akafungua begi lake, akatoa glavu zake za akiba na betri za taa, akawapa waliokuwa wanaendelea. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika tano.

Sidai kwamba taifa moja lina watu bora kuliko jingine, maana nimewaona Waingereza wakaidi na nimewaona Waafrika wasikivu, na kinyume chake pia. Tofauti ilikuwa kwamba kundi la pili lilikuwa limezoea, kwa safari nyingi ndogo, utaratibu ambao anayeongoza ni yule mwenye ujuzi wa jambo lililopo mbele yao. Cheo hakikufutwa, wakirudi kambini koplo atapiga saluti kama kawaida, na hakuna atakayeona ajabu. Lakini ofisa aliyewahi kuambiwa ukweli na mdogo wake akiwa kwenye kamba moja naye, na akashuka salama kwa sababu ya ukweli huo, atakuwa msikivu zaidi hata akiwa ofisini. Na koplo aliyewahi kumrudisha nyuma kapteni hatasema "afande yuko sawa" siku ambayo maisha ya kombania nzima yatategemea neno lake. Sijui ni darasa gani la kijeshi linaloweza kufundisha hilo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Jambo hili la kurudi nyuma lina uzito wa pekee kwa mwanajeshi. Tangu siku ya kwanza depo, kuruta hufundishwa kwamba kazi aliyopewa lazima imalizike. Mlima haujali mafunzo hayo. Mwanajeshi anayepanda kwa moyo wa "lazima tufike" ndiye mteja ninayemwogopa kuliko mzee wa miaka sabini, kwa kuwa mzee huyo atasimama akichoka.

Historia ya chama hicho cha Waingereza ina sura zote mbili. Mwaka 1976 kilikwenda Everest pamoja na wanajeshi wa Nepal, chini ya uongozi wa Tony Streather, ofisa aliyekuwa amefika kileleni Kangchenjunga mwaka 1955, siku moja baada ya watu wa kwanza kabisa kuupanda mlima huo. Streather alikuwa pia ameyaona maafa ya mlima Haramosh, huko Pakistan, mwaka 1957, ambako vijana wawili wa msafara wake walikufa, kwa hiyo hakuwa mtu wa kucheza na mlima. Hata hivyo, msafara wa 1976 ulimpoteza mtu mmoja, Terry Thompson, aliyetumbukia kwenye ufa wa barafu. Wawili waliofika juu mwezi Mei mwaka huo, Brummie Stokes na Bronco Lane, walichelewa kushuka, wakalazimika kulala usiku mzima nje karibu na kilele bila hema, na baridi ikawagharimu vidole vyao vya miguu; Lane alipoteza na ncha za vidole vya mkono. Vidole hivyo alikuja kuvitoa kwa jumba la makumbusho la jeshi huko London, jambo ambalo linanishangaza mpaka leo, ingawa nadhani mtu ana haki ya kuamua vidole vyake vikae wapi.

Miaka 30 baadaye, mwaka 2006, chama kilirudi Everest kwa njia ya ukingo wa magharibi, njia ngumu ambayo watu wachache mno wamewahi kuimaliza. Kiongozi alikuwa Dave Bunting. Maandalizi yalichukua miaka, fedha nyingi zilikusanywa, na watu walikuwa wakiwafuatilia kwa hamu. Walifika juu sana, wakaikuta theluji ikiwa katika hali ya kuweza kuporomoka, wakageuka. Kilele hawakukipata. Kwa maoni yangu hilo ndilo tunda kubwa kuliko yote lililotoka katika chama hicho, kubwa kuliko hata Annapurna, ingawa najua kwamba hakuna gazeti linaloweka habari ya kugeuka kwenye ukurasa wa mbele.

Kuna pia upande wa afya, ambao majeshi yamejifunza kwa machungu. Vita vya mpakani kati ya India na China mwaka 1962 viliwakuta askari wengi wa India wakipandishwa kwa haraka kutoka nyanda za chini hadi kwenye miinuko ya zaidi ya mita 3,000 na 4,000, wakiwa vijana, wakiwa na afya njema, na wakiugua kwa wingi. Mwaka 1969 Inder Singh na wenzake, madaktari wa jeshi hilo, walichapisha uchunguzi wa askari 1,925 waliopata ugonjwa wa mwinuko, nao ukawa miongoni mwa misingi ya yale tunayoyajua leo kuhusu maji kujaa mapafuni na ubongo kuvimba. Ukakamavu wa mwili haumkingi mtu na ugonjwa huo. Kijana anayekimbia kilomita 10 bila kuhema anaweza kuanguka kabla ya mama yake, na mara nyingi ukakamavu wenyewe ndio unaomponza, kwa sababu unamwezesha kupanda kasi kuliko damu yake inavyoweza kujirekebisha. Mwanachama wa chama hujifunza haya taratibu, mwilini mwake mwenyewe, akiwa na watu wanaomfahamu. Akija kupelekwa kwa kazi kwenye nchi ya milima, tayari anajua mwili wake unavyomwambia kwamba inatosha.

Faida kwa waliostaafu ninaweza kuieleza kwa ufupi, kwa kuwa kila mwenye ndugu aliyetoka jeshini anaijua hali hiyo: sare ikivuliwa, marafiki hutawanyika, simu hupungua, na mtu aliyekuwa na watu mia moja wa kumwamkia hujikuta barazani peke yake. Chama kinachowapokea wastaafu humwachia angalau kundi moja ambalo bado linamhitaji, kwa kuwa mlimani uzoefu wake haujaisha muda wake. Hari Budha Magar alikuwa askari wa Gurkha, yaani Mnepali, katika jeshi la Uingereza, akapoteza miguu yote miwili juu ya magoti kwa bomu huko Afghanistan mwaka 2010. Ameeleza hadharani kwamba alipita kwenye kipindi cha pombe na kukata tamaa. Mwaka 2020 alikuja Kilimanjaro na kufika kileleni, na mwezi Mei mwaka 2023 alifika kilele cha Everest, akiwa mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa aina hiyo kufanya hivyo. Wenzangu wanaoujua ule mteremko wa changarawe wataelewa maana ya kuupanda kwa miguu ya bandia bila kuhitaji maelezo yangu.

Raia nao hunufaika, jambo ambalo wakubwa wa fedha hulisahau. Vikosi vya uokoaji milimani vya jeshi la anga la Uingereza vilianza wakati wa vita, ndege zilipokuwa zikianguka kwenye vilima vya Wales na kwingineko, na daktari wa kituo cha Llandwrog, George Graham, akaanza kuwapanga watu wa kwenda kuwatafuta majeruhi. Hawakujua kupanda, walijifunza. Baada ya vita vikosi hivyo viliendelea kuwaokoa hata watalii waliovunjika miguu. Hapa kwetu, anayembeba mgonjwa kwenye machela ya gurudumu kutoka Kibo mpaka getini ni mpagazi au askari wa hifadhi, na ninajua ni mikono mingapi huhitajika na mabega yanavyouma kesho yake. Vijana ishirini wa jeshi wanaojua kamba na huduma ya kwanza ya mwinuko, wakiwa karibu, wangekuwa msaada usio na kifani.

Lazima pia niseme kwamba upandaji milima wa wanajeshi si mchezo usio na hatia. Kanali Narendra Kumar wa India, mpanda milima aliyepoteza vidole vya miguu kwa baridi, aliongoza msafara kwenye barafu ya Siachen, eneo la milima linalogombewa na India na Pakistan, mwaka 1978, na taarifa alizorudi nazo zilichangia India kuamua kuikalia barafu hiyo mwaka 1984. Tangu hapo askari wa India na Pakistan waliokufa huko kwa baridi, maporomoko na mwinuko ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Anayetaka kupinga hoja yangu ana mfano huo wa kunionyesha, na sitabishana naye. Nitamwambia tu kwamba chama ninachokitetea ni cha likizo, na kwamba kikianza kupewa malengo ya kijeshi kitakuwa kimekoma kuwa chama.

Upande wetu hatuanzi na mikono mitupu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kibo, mita 5,895, akitimiza lile lililokuwa limesemwa na Mwalimu Nyerere miaka miwili kabla, kwamba mwenge huo uwekwe juu ya Kilimanjaro uumulike hata nje ya mipaka. Kila mtoto wa Tanzania hulisoma jina hilo shuleni. Tangu hapo wanajeshi wetu wamekuwa wakipanda, hasa kila Desemba inapofika, na Jenerali mstaafu George Waitara, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, ameongoza misafara ya aina hiyo. Ninaiheshimu. Lakini msafara wa maadhimisho una tarehe iliyopangwa, una kamera, na una watu wanaoisubiri picha ya kileleni. Ni vigumu mno kugeuka nyuma ukiwa umebeba bendera ya taifa. Aidha, wanaopanda mwaka huu si lazima ndio watakaopanda mwaka ujao, kwa hiyo kila mwaka somo lile lile la mwendo wa polepole huanza upya, nami huwa nalitoa kwa maneno yale yale.

Nimemwandikia mpwa wangu mapendekezo, na nayaweka hapa kwa faida ya wengine walio kwenye nafasi kama yake. Tafuta wenzako sita au wanane wanaopenda jambo hili kweli, muombe ruhusa kwa utaratibu wa kikosi chenu, na msianze na Kilimanjaro. Anzeni na Meru, mita 4,566, ambao hauna umaarufu na kwa hiyo hauna kishawishi. Kiongozi wa kila safari achaguliwe kwa uzoefu wake wa mlima, na jina lake liandikwe kabla hamjaondoka ili mkubwa wenu kwa cheo ajue mapema kwamba kwa siku nne atakuwa mwanachama tu. Nunueni kamba moja nzuri na kofia za kujikinga na mawe kabla ya kununua fulana zenye nembo ya chama, maana nimeona vyama vingi vilivyoanza na fulana na kuishia hapo. Mkizoea, mwaka wa pili au wa tatu, nendeni Mlima Kenya mkajifunze mwamba kwa watu wanaoujua. Mountain Club of Kenya ipo tangu mwaka 1949 na ina wapandaji waliobobea. Mawenzi, kile kilele cha mita 5,149 ambacho wageni hukipiga picha tu wakielekea Kibo, kiacheni mpaka muwe na mtu aliyewahi kuongoza kwenye mwamba uliooza.

Amenijibu kwamba ameshapata wenzake wanne, na kwamba mmoja wao ni sajini mwenye tabia ya kutaka kutembea mbele ya kila mtu. Nimemshauri wampe huyo sajini kazi ya kutembea wa mwisho, abebe sanduku la huduma ya kwanza, na ndiye aandike kila jioni nani amekula na nani hajala.